Ua Dogo na Mgeni Wake: Historia ya Kutazama kwa Karibu Katika Milima ya Upare

Desturi ya historia ni kufuata kilicho kikubwa. Huandika habari za watawala na vita, za misafara na mikataba; na ikishuka kwa wanyama na mimea hutafuta tembo, simba, mvule na mbuyu. Ua lisilozidi punje ya mtama kwa ukubwa, lichanualo baada ya mvua na kunyauka kabla ya mwezi kwisha, halina tarihi katika vitabu vyetu. Na mdudu alizuruye ua hilo hana hata jina katika vinywa vya wengi. Lakini lau tungeuliza ni kitu gani kinachoufanya msitu uzae msitu mwingine, na bustani izae matunda, jibu lingetupeleka kwa hao wawili wadogo. Insha hii yasimulia jinsi watu walivyojaribu kuwatazama, katika Milima ya Upare na kwa jirani zake, kwa muda wa miaka 100 na zaidi. Yataka kuonyesha kwamba vyombo vingi vya elimu viliwatenga ua na mgeni wake, na kwamba picha iliyopigwa kwa karibu ni miongoni mwa vichache viwezavyo kuwaweka pamoja katika hati moja.

Mahali pa kusimama tutazame ni Gonja. Mji huu uko katika wilaya ya Same, chini ya miteremko ya mashariki ya Pare Kusini, pale mlima unapokoma na nyika ya Mkomazi inapoanza. Katika karne ya 19 Gonja ilikuwa kituo cha misafara ya biashara iliyotoka pwani kwenda Kilimanjaro. Nyuma yake milima hupanda hata kilele cha Shengena, chenye urefu wa mita 2,462, katika msitu wa Chome. Mbele yake nchi ni kavu, yenye migunga na miiba. Kwa hiyo mtu wa Gonja ana jamii mbili za maua karibu na mlango wake: ya msitu wenye ukungu na ya nyika yenye jua. Watu wa nchi za baridi huhesabu majira ya maua tangu theluji iyeyukapo. Gonja haina majira ya namna hiyo. Maua yake madogo huitwa na mvua: vuli, baina ya Oktoba na Desemba, na masika, baina ya Machi na Mei. Siku chache baada ya ardhi kulowa, kingo za njia na nyufa za mawe hujaa nyota ndogo za buluu, nyeupe na manjano, ambazo mpita njia huzikanyaga bila kujua.

Haifai kudhani kwamba hapakuwa na mtazamaji kabla ya kuja wageni wenye madaftari. Wapare walikuwa na elimu yao ya mimea: ya dawa, ya malisho, ya kuni na ya ibada. Koo zao zilihifadhi misitu mitakatifu, mingine ikiitwa mpungi, ambamo kukata mti au kuchuma ovyo kulikatazwa. Misitu hiyo haikuhifadhiwa kwa ajili ya maua madogo. Lakini penye mti mkubwa usiokatwa kivuli hubaki, na penye kivuli na unyevu ua dogo hubaki pia pamoja na mdudu wake. Hivyo sheria iliyowekwa kwa heshima ya wahenga ililinda vitu ambavyo hata waliowekewa sheria hawakuvitaja. Upungufu wa elimu hiyo, kwa upande wa mwanahistoria, ni mmoja tu: ilikaa katika vichwa na vinywa, na mengi ya vichwa hivyo yamekwisha kuzikwa.

Katika miaka ya 1890 walianza kuja wakusanyaji wa Kijerumani. Carl Holst alikusanya mimea katika milima ya Usambara, jirani ya Upare kwa upande wa kusini, mwanzoni mwa miaka hiyo. Mwaka 1902 Adolf Engler, mkuu wa bustani ya mimea ya Berlin, alizuru Usambara na Kilimanjaro. Na mwaka huohuo serikali ya Kijerumani iliweka Amani, katika Usambara ya Mashariki, taasisi ya utafiti wa viumbe na kilimo. Njia ya kazi yao ilikuwa moja. Mmea huchumwa, hulazwa baina ya karatasi, hubanwa kwa ubao na kamba, hukaushwa, huandikiwa kibandiko chenye mahali na tarehe, kisha hupelekwa katika hebaria, yaani ghala ya mimea mikavu. Ni njia ya uaminifu, na hata leo hapana mtaalamu awezaye kuiacha. Lakini ina gharama zake. Rangi hufifia. Umbo hulala bapa. Tena mdudu aliyekuwa juu ya ua huruka kabla ya kisu kufika. Na kama akikamatwa, hutiwa pini na kupelekwa katika sanduku jingine, katika chumba kingine, pengine katika mji mwingine. Ua na mgeni wake, waliokutana asubuhi moja mlimani, hawakutani tena.

Mfano wa wazi ni ua la jamii ya Impatiens. Aina moja yake, Impatiens walleriana, huota toka Kenya hata Msumbiji, penye vivuli na kando ya vijito, na leo hupandwa katika bustani za dunia nzima. Nyuma ya ua hilo kuna mrija mwembamba uliopinda, na asali ya ua imo mwishoni mwa mrija. Vipepeo wenye ulimi mrefu huweza kuifikia. Basi mrija huo ni mlango, na ulimi wa kipepeo ni ufunguo wake. Lakini ua hili ni laini kama utando; likikaushwa hujikunja na kushikamana, na mrija hupoteza umbo. Ilitokea hata mmea wa jamii hii uliopatikana Usambara ukapewa jina jipya la kumheshimu Holst, na baadaye ukaonekana kuwa ni uleule uliokuwa tayari na jina. Karatasi kavu ilisema jina. Haikuweza kusema maisha.

Mfano wa pili ulikuwa mashuhuri zaidi. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga, alipeleka kwa baba yake Ujerumani mimea midogo ya Usambara yenye maua ya zambarau. Mwaka 1893 Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, aliliita ua hilo Saintpaulia ionantha. Kabla ya karne iliyofuata kufika nusu yake, ua hilo lilikuwa limepandwa katika vyungu madirishani mwa Ulaya na Marekani. Mwaka 2015 wataalamu waliliingiza katika jenasi kubwa ya Streptocarpus, lakini sifa zake hazikubadilika: vifuko viwili vya manjano vyenye chavua katikati, na kike cha ua kilichopinda kando, katika ua hili kuume na katika ua jingine kushoto. Umbo hilo halikuwekwa bure. Lina mtu wake aliyekusudiwa. Nani? Waliolikuza madirishani hawakuhitaji kujua, maana huko hupandwa kwa kukata jani na kulitia udongoni. Ua lilisafiri duniani kote, na mgeni wake akaachwa nyumbani bila kuulizwa habari.

Wakati huo kamera ilikuwa imekwisha kufika katika nchi hizi. Ni ajabu kwamba ufundi wa picha tangu utoto wake ulikuwa rafiki wa mimea: Anna Atkins wa Uingereza alianza mwaka 1843 kutoa kitabu cha picha za mwani, kwa kuulaza juu ya karatasi iliyotiwa dawa na kuuanika juani. Lakini kamera iliyokuja kandokando ya Upare haikuja kwa ajili ya mimea. Carl Georg Schillings, mwindaji wa Kijerumani, alipiga kambi katika nyika ya Wamasai na kando ya mto Pangani, magharibi ya milima hii, akapiga usiku picha za simba, punda milia na fisi kwa mwako wa unga wa magnesi. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1905, ambacho jina lake lina maana ya "Kwa Mwako na Bunduki", kilisifiwa sana Ulaya. Ilikuwa kazi ya ushujaa na ya ufundi. Hata hivyo iliweka kawaida iliyodumu: picha ya Afrika ya mashariki ikawa picha ya mnyama mkubwa. Watalii na magazeti waliifuata njia hiyo, na ua la kando ya njia likabaki chini ya kwato.

Sasa tufike katika usiku uliotoa hukumu juu ya desturi zote mbili. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943, katika vita vya pili vya dunia, mabomu yalianguka juu ya jumba la mimea la Dahlem, Berlin, na hebaria ikateketea. Zilizookoka ni sehemu ndogo. Miongoni mwa zilizoungua zilikuwa karatasi nyingi za Afrika ya mashariki, na baadhi yake zilikuwa zile za asili ambazo jina la mmea liliwekwa juu yake, yaani shahidi wa kwanza wa jina. Penye nakala London au kwingineko hasara ilipunguka. Pasipo nakala lilibaki neno la kitabu tu.

Hapa pana jambo ambalo mwanafunzi wa historia apaswa kulitia moyoni. Kuanzia mwaka 1929 J. Francis Macbride, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, alikuwa amekaa Ulaya akizipiga picha karatasi za asili katika hebaria ya Berlin na nyinginezo. Alipoanza hakujua kwamba moto utakuja. Lakini ulipokuja, maelfu ya picha zake ndiyo yaliyobaki kuwa ushahidi wa mimea iliyokuwa imekuwa majivu. Kazi ile ilihusu hasa mimea ya nchi za joto za Amerika. Mimea ya Upare na Usambara haikuwa na mpiga picha wa namna hiyo. Tofauti baina ya kupotea na kubaki haikuwa utajiri wa nchi wala uzuri wa ua. Ilikuwa kwamba mtu mmoja alisimama mbele ya karatasi ya huku na kamera, na mbele ya karatasi ya kule hakusimama mtu.

Baada ya vita kazi ilianza upya. Amani, chini ya Waingereza, ilikuwa imepata mtaalamu hodari, P. J. Greenway, ambaye toleo la pili la kamusi yake ya majina ya mimea ya Kiswahili lilitoka mwaka 1940. Mwaka 1950 hebaria ya Amani ilihamishiwa Nairobi. Mwaka 1952 ilianza kutolewa, sehemu baada ya sehemu, orodha kuu ya mimea ya Kenya, Tanzania na Uganda, nayo ilikamilika mwaka 2012 ikiwa na aina zaidi ya 12,000. Miaka 60 kwa kazi moja! Ni kazi ya kustahiwa, nasi sote tunaila matunda yake. Lakini nayo, kwa asili yake, ilikuwa daftari la mimea peke yake. Mgeni wa ua hakuwa na ukurasa humo.

Ukurasa wa mgeni ulifunguliwa karibu kabisa na Gonja. Nyika ya Mkomazi, iliyotengwa kuwa pori la akiba mwaka 1951 na baadaye ikafanywa hifadhi ya taifa, ilichunguzwa katika miaka ya 1990 na watafiti wa Tanzania na Uingereza. Graham Stone, Pat Willmer na Sean Nee walikaa mbele ya migunga ya Mkomazi wakati wa maua. Kila kibonge cha ua la mgunga ni mkusanyiko wa viua vidogo mno, na aina kadhaa za migunga huchanua kwa pamoja, zikiwa na wageni walewale. Ingetazamiwa kwamba chavua ya mti huu ingechanganyika na ya ule, ikaharibika. Taarifa yao ya mwaka 1996 ilionyesha kwamba kila aina hutoa chavua kwa saa yake katika mchana, na nyuki huzifuata kwa zamu, kama watu waendao soko hili asubuhi na lile alasiri. Mwaka 1997 Willmer na Stone walieleza jambo la pili, la mgunga uitwao Acacia zanzibarica, ambao siku hizi huwekwa katika jenasi ya Vachellia. Sisimizi wakali hukaa katika miiba yake iliyovimba na kuulinda mti. Je, hawawafukuzi nyuki? Ilidhihirika kwamba ua jipya, wakati wa kutoa chavua, lina kitu ambacho huwaepusha sisimizi kwa muda. Na wakati huo ukipita walinzi hurudi. Mambo haya hayakuwa yakijificha msitu wa mbali. Yalikuwa yakitendeka kila mwaka karibu na barabara ya Same. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa mbele ya ua moja kwa saa nyingi.

Na ua la zambarau la Saint Paul? Jamaa yake mmoja huota katika milima ya Taita, nchini Kenya, ng'ambo ya nyika hiyohiyo. Dino Martins, mtaalamu wa wadudu wa Kenya ambaye pia ni mpiga picha wa viumbe hao, alichapisha mwaka 2008 taarifa ya uchunguzi wake huko: wageni wake ni nyuki wa jamii ya Amegilla. Toka Wendland alipoipa jamii hiyo jina, mwaka 1893, hata taarifa hiyo, ilipita miaka 115. Dunia ililijua ua kwa zaidi ya karne moja kabla ya kusoma habari hiyo ya mgeni wake. Mwaka 2014 Martins alitoa kitabu cha mwongozo juu ya wachavushaji wa Afrika ya mashariki, na humo mna picha za karibu za nyuki, nondo, nzi na vipepeo wakiwa kazini juu ya maua.

Msomaji aweza kuuliza: kama picha ya karibu ina faida hiyo, mbona ilichelewa? Sababu moja ni mazoea niliyokwisha kuyataja. Ya pili ni ugumu wa kazi yenyewe. Ili kitu kidogo kionekane katika filamu kwa ukubwa wake halisi, lenzi hupaswa kusogezwa mbali na filamu; lenzi ya milimita 50 husogezwa milimita 50 zaidi, na mwanga ufikao hupungua hata robo. Tena hata tundu la lenzi likibanwa hadi namba 16, unene wa kitu utakaoonekana dhahiri ni kama milimita 2 tu. Kichwa cha nyuki kikiwa wazi, mabawa yake huwa ukungu. Upepo mdogo usioweza kutikisa jani la mgomba hulitoa ua nje ya mpaka huo. Vyombo vilikuja polepole: kamera ndogo ya Kine Exakta, iliyomwezesha mtu kutazama kwa kioo kupitia lenzi ileile ipigayo picha, ilitoka mwaka 1936, na lenzi ya Makro-Kilar, iliyotengenezwa mahsusi kwa kazi ya karibu, mwaka 1955. Leo hata simu ya mkononi huweza kukaribia ua kwa sentimita chache. Kizuizi kilichobaki si chombo, ni subira.

Lakini tusiipe picha sifa isiyo yake. Picha ya mdudu juu ya ua haithibitishi kwamba mdudu huyo ndiye mchavushaji. Wako nyuki watoboao mrija wa ua kwa nje na kunyonya asali bila kugusa chavua: hao ni wezi, si wageni. Iko mimea ambayo haitofautishwi ila kwa kupasua ua na kuhesabu sehemu zake kwa darubini. Hapo picha nzuri haina msaada, na karatasi kavu ya hebaria hushinda. Zaidi ya hayo, picha isiyo na maandishi ni pambo tu. Laiti Macbride angepiga picha bila vibandiko, kazi yake isingemfaa mtu baada ya moto. Basi picha huwa hati pale inapoandikiwa mahali, tarehe, saa, hali ya hewa, na jina ambalo wenyeji wa mahali hapo huliita ua hilo. Saa ni lazima, kwa maana Mkomazi imetufundisha kwamba ua la asubuhi na ua hilohilo la alasiri hawana wageni sawa.

Wala jambo hili si la wataalamu peke yao. Mpunga wa mabonde ya Ndungu, jirani ya Gonja, haumhitaji mdudu. Upepo na ua lenyewe vyatosha. Lakini boga, tango na tikiti havizai bila nyuki kubeba chavua toka ua dume hata ua jike. Mpapai, ambao mara nyingi mti dume na mti jike ni mbali mbali, humtegemea nondo arukaye jioni. Uchunguzi wa Martins na Steven Johnson katika bonde la Kerio, uliotolewa mwaka 2009, ulionyesha kwamba ukaribu wa pori na hali yake huathiri ujaji wa nondo hao. Pori lililo kando ya shamba, basi, si ardhi isiyo na kazi. Mwenye kulifyeka lote ili kuongeza mipapai huenda akapunguza mapapai. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Na hakuna kinachodharauliwa kwa wepesi kama mdudu asiyeuma wala ua lisilonukia.

Historia niliyoieleza ina sura moja inayojirudia. Aliyekuja na karatasi alichukua ua na kumwacha mdudu. Aliyekuja na kamera ya usiku alichukua simba na kuyaacha yote mawili. Aliyekuja na chungu alichukua uzuri na kuacha sababu ya uzuri. Kila mmoja aliondoka na kipande, na kipande hicho kilihifadhiwa mbali, mahali ambapo moto wa vita usiotuhusu uliweza kukiteketeza. Waliobaki karibu na ua wakati wote ni watu wa Gonja, wa Chome, wa Mbaga na wa Ndungu. Wao ndio waijuao siku mvua ilipoanza, na ndio wapitao njia hiyohiyo asubuhi, adhuhuri na jioni. Mwanafunzi wa shule ya huko, akiwa na daftari, saa na kamera yoyote, aweza kuandika katika vuli moja kitu ambacho hebaria ya Berlin haikupata kuwa nacho hata kabla ya kuungua: ua la kwao likiwa hai, pamoja na mgeni wake, kwa saa yao, kwa jina lao. Akifanya hivyo miaka 10 mfululizo, atakuwa amewaachia watakaomfuata kipimo cha kujua ni nani aliyekuwa akija na haji tena.

Msitu wa mlimani hupungua, na mvua za vuli hazitabiriki. Baadhi ya maua hayo hayatangoja mpaka apatikane mtafiti wa mbali. Kwa hiyo swali lililo mbele ya vyuo vyetu si kama maua madogo yanastahili historia. Swali ni nani atakayeiandika, na kama ataianza kabla shahidi hajaondoka.